Kiti cha Upande wa Pili

Lowell Brekke alizama mwezi wa Machi, barafu ya ziwa ilipopasuka chini ya gari lake, na maiti yake haikuonekana hata theluji ilipoyeyuka. Kwa hiyo Novemba, asubuhi ya uchaguzi, Ardith Kvamme alipofungua ukumbi wa tarafa, kiti kilichotazamana na chake kilikuwa kitupu.

Sheria yao ilitaka kila sanduku la kura lilindwe na watu wa vyama viwili, jicho la huyu juu ya mkono wa yule. Ardith alikuwa wa Republican, kama karibu kila mtu katika pembe ile ya Dakota Kusini. Lowell alikuwa Mdemokrati wa mwisho aliyethubutu kujitaja hadharani. Miaka nenda miaka rudi walikaa pale wakibishana na kugawana keki ya mdalasini. Sasa kaunti ilikuwa imeshasema: asipopatikana Mdemokrati, kituo kifungwe, na wazee waendeshe magari hadi mjini kupiga kura.

"Niandike mimi," alisema Dwight, mdogo wake Ardith, akikung'uta matone ya ukungu kwenye kofia.

"Wewe umekuwa Mdemokrati tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, dada. Jioni nitatubu."

Ardith alisita. Trent, mtoto wa Dwight, alikuwa akigombea kiti cha baraza la kaunti kwa tiketi ya Republican. Lakini nje taa za magari zilikwisha kuanza kuonekana. Akamwapisha.

Dwight alikaa, kisha akainuka upesi. "Mbona kiti kimelowa?"

Ardith alipapasa ubao wa kiti. "Huu mkavu kama mfupa. Acha visa."

Mpiga kura wa kwanza alikuwa Signe Halvorsen, ajuza aliyewafundisha shule wote wawili. Alimtajia Ardith jina lake, akachukua karatasi, kisha akageukia kiti cha pili. "Umeamkaje, Lowell?"

Dwight akacheka. "Mwalimu, mimi ni Dwight!"

"Nakujua wewe," alisema Signe. "Sikukusalimu wewe."

Akaingia Merle, fundi wa matrekta. Naye akagusa ukingo wa kofia yake: "Lowell."

"Umemwitaje?" Ardith aliuliza.

"Nimemwita nani? Mbona sijafungua mdomo, Ardith? Umelala vizuri kweli?"

Wakaendelea kuingia mmoja mmoja. Wengine walichukua karatasi wakapita, wengine walikitikisia kichwa kile kiti kwa heshima. Kufikia adhuhuri Dwight hakuwa akicheka tena. Ukungu ulikuwa umeganda madirishani kama pamba. Jiko lilikuwa likiunguruma, lakini yeye alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti na meno yanagongana. Ardith alipomsogezea keki, aliila kwa kuizunguka kingo, akaacha katikati. Ni mtu mmoja tu ambaye Ardith alipata kumwona akila keki hivyo.

"Nenda nyumbani," alimnong'oneza. "Nitawapigia kaunti waje wafunge."

"Na wewe atakutazama nani?" alijibu Dwight. Sauti ilitoka chini sana, nzito, yenye mikwaruzo, na haikuwa ya mdogo wake.

Jioni milango ikafungwa, wakaanza kuhesabu. Ardith alifikiri kazi itakwenda mbio, maana ndugu atamshuku ndugu yake nini? Lakini kila karatasi aliyoishika, Dwight alinyoosha mkono. "Nionyeshe." Hakuchoka, wala hakumtazama usoni. Alitazama vidole vya Ardith tu.

Trent na mpinzani wake, Corinne Haug, Mdemokrati wa mjini, wakawa sawasawa, ikabaki karatasi moja. Kiduara cha kujazwa wino kilikuwa kitupu. Badala yake mkono uliotetemeka ulikuwa umelizungushia jina la Haug mstari mzima. Ardith akaiweka upande wa zilizoharibika.

"Nionyeshe."

"Dwight, imeharibika."

"Mwenyewe kasema anamtaka nani. Au kalamu iliteleza ikalizunguka jina zima?"

"Unajua hii inamuumiza nani? Mtoto wako!"

"Nionyeshe, Ardith."

Tone la maji likadondoka kutoka kwenye upindo wa mkono wa koti lake, likafuatiwa na jingine, yakasambaa mezani meusi, yakasimama kabla ya kugusa karatasi. Nywele zikamsimama Ardith. Alitaka kukimbia. Lakini akaitazama tena ile kura, na katikati ya hofu yake akaona aibu, kwa sababu kilichoandikwa kilisomeka wazi, naye alikisoma tangu mwanzo.

"Haya," alisema. "Ni ya Haug."

Dwight akashusha pumzi ndefu, akalaza kichwa mezani, akalala kama mtoto.

Kaunti nzima ilipojumlishwa, Trent alishindwa kwa kura hiyo moja. Alikuja kwa baba yake macho yamewiva. "Mzee, umeniuza?"

"Sikumbuki kuhesabu," alisema Dwight. "Ila kama jina lilizungushiwa, basi ilikuwa yake." Trent hakukanyaga tena nyumbani kwa baba yake.

Majira ya kuchipua, Ardith akipita ukumbini mchana, aliona gari la Dwight peke yake nje. Akasimama dirishani. Dwight alikuwa mbele ya viti vitupu, amevaa tai, akiendesha mkutano wa Wademokrati wa tarafa.

"Wanaounga mkono?" aliuliza.

Ukumbi ukaitika ndiyo, sauti za wanaume na za wanawake, nyingi mno, hadi kioo kikatetemeka chini ya kiganja cha Ardith.

Alimngoja hadi akatoka na kufunga mlango. "Ulikuwa na nani humo ndani?"

Dwight alimtazama kwa huruma. "Na wenzangu, dada. Mlidhani tumekwisha?"

Akawasha gari akaenda zake. Ardith alibaki kwenye ngazi. Alisikia ndani viti vikiburutwa na kupangwa ukutani, taratibu, na watu wasio na haraka.