Besi ya Marehemu Anyona

Jumapili asubuhi Walter Nyamongo alisimamisha fremu ya nne ya mbao kwenye pembe ya studio yake pale Nyakoe, akaijaza nguo za marehemu kaka yake, akaifunika gunia na kuikaza kwa misumari. Alikuwa amejifunza mtandaoni: sauti nzito hujikusanya kwenye pembe za chumba na kuharibu rekodi, kwa hiyo unaweka huko kitu cha kuinyonya. Wenzake hununua pamba maalumu. Yeye alikuwa na suti, mablanketi na makoti ya Anyona. Siku ya kugawa nguo za marehemu, kila ndugu alichukua moja. Walter alikuja na pikapu. Kufa kufaana, na huyu alifaidi mpaka soksi.

Jumatatu kwaya ya kanisa ilikuja kurekodi. Walipofika ubeti wa pili, besi ya Anyona ikaingia kutoka pembe ya nne, mahali pake hasa. Kwaya haikuwa na besi tangu azikwe, kwa hiyo hakuna aliyeacha kuimba. Edinah wa soprano alisogea kidogo asimzibe.

Wimbo ulipoisha, sauti iliendelea. "Shamba la chai la Magwagwa ni la Persis. Hati iko kwa koti, hapa ndani. Walter anajua."

Walter alijua, tena sana. Ndiye aliyeitia humo kwa mkono wake. Miezi sita alikuwa akiwaambia wazee wa ukoo kwamba hati ilipotea hospitalini, na kwamba marehemu alimwachia yeye shamba. Mtu mzima na ndevu zake!

Persis, mjane, aliitwa. Alikuja na gambuti za shambani.

"Shemeji, fungua hiyo kitu."

"Nikifungua, besi itazagaa chumba chote. Rekodi itaharibika."

Persis akaigeukia pembe. "Baba Linet, unanisikia?"

"Nakusikia. Nimepigiliwa misumari."

Persis alimtazama Jethro, mzee wa kanisa, ambaye Sabato iliyopita alihubiri saa nzima juu ya haki ya wajane hadi akalowa jasho. Jethro alikohoa.

"Dada Persis, tumalize albamu kwanza. Hii ni kazi ya Mungu. Besi kama hiyo tutaitoa wapi?"

Ptuu! Hata Mungu akasingiziwa.

Albamu ilikwisha. Pembe haikufunguliwa, maana kwaya mbili za Nyaramba zilikuwa zimeshaomba kurekodi na besi hiyohiyo. Walter aliyakata maneno ya mwisho kwenye kompyuta, akaacha uimbaji. Alisema maneno yale hayakuwa kwenye ufunguo wa wimbo.

Siku hizi albamu inapigwa kila siku kwenye kituo cha kununulia majani chai, Magwagwa. Watu hutikisa vichwa na kusema besi ni safi, marehemu alikuwa na kipaji. Wazee wa ukoo nao husikiliza, na wana masikio mazima.

Wimbo wa kwanza unapoisha, kuna kimya kifupi pale Walter alipokata. Persis hutua kikapu chake, akangoja kimya hicho kipite. Kisha huweka majani ya shamba lile kwenye mizani. Karani huuliza ni ya nani, naye hutaja jina la Walter.