Zungusha Kulia

Koki zote za mji wetu hufungwa kwa kuzungusha kulia, kama koki yoyote iliyopata malezi. Ya saba tu ndiyo yenye kichwa kigumu. Hiyo ilitoka kiwandani kinyume, na ukitaka kuifunga sharti uzungushe kushoto. Michoro ya idara ya maji haijui habari hiyo. Aliyeijua ni mtu mmoja, fundi aliyefungua na kufunga maji ya mji huu miaka thelathini na moja, mpaka watu wakalisahau jina lake wakamwita Mzee Koki.

Mara mbili tatu aliwaambia wakubwa. Wakasema wataandika. Basi kama waliandika, waliandika kwenye maji.

Mwaka huo mji mzima ulipagawa. Kampuni moja kubwa, ya zile ambazo ukiuliza zinauza nini unaonyeshwa picha za watu wanaocheka, ilitangaza kuwa inatafuta mji wa kujenga makao yake makuu. Loo! Miji ikaanza kuposa. Mmoja ukatoa kiwanja bure. Wa pili ukasema kodi msilipe miaka ishirini. Mkono mtupu haulambwi, akasema Meya wetu, akaahidi kiwanja, na kodi, na barabara pana ya kutoka uwanja wa ndege. Ajira elfu nane zinakuja, alisema redioni, na mkwe wa Mzee Koki, asiye na kazi mwaka wa pili, akapiga pasi shati lake jeupe akalitundika ukutani. Mbele ya ukumbi wa jiji likafungwa bango refu la kitambaa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Hapo mbele ya ukumbi pana bwawa la mapambo lenye bomba la kurusha maji juu. Lilikuwa kavu miaka mingi, mijusi wameshajukuu ndani yake. Meya akataka wageni wakishuka garini wayakute maji yanaruka mita tatu. Sasa maji ya mji huu hayatoshi hata kwa wanaoyanywa. Ili yaruke pale, lazima mahali fulani yakatwe.

Jumanne asubuhi Mhandisi wa maji, mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu miezi sita tu nyuma, akampa Mzee Koki karatasi. "Koki ya saba. Zungusha kulia mizunguko kumi na minne. Ibaki hivyo siku nne."

Mzee aliisoma mara mbili. Koki ya saba ndiyo inayolisha mtaa wa bondeni. Na huko bondeni, katika chumba kimoja cha kupanga, alilala kitindamimba wake, mke wa yule mwenye shati jeupe, na mtoto wa siku tatu. Binti alikuwa amejifungua kwa kisu. Mkunga alimwambia bila kumung'unya maneno: kidonda hiki kioshwe asubuhi na jioni kwa maji safi yaliyochemshwa, ukizembea utarudi hapa juu ya machela.

"Mama," Mzee Koki alimwambia Mhandisi, "bondeni kuna watu wagonjwa. Siku nne ni nyingi."

"Nimewaambia, mzee wangu. Nimewaambia mpaka nimechoka."

"Wakasemaje?"

Mhandisi aliangalia pembeni. "Wamesema watu wa bondeni wamezoea."

Mzee alibeba ufunguo wake wa chuma, ule mrefu wa mpini wa kukingama, akaenda. Njiani alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Miezi saba ilibaki astaafu. Asipofunga, kazi imekwenda. Akifunga, mwanawe ataoshwa kwa maji gani? Alikuwa ameshainua mfuniko wa shimo na kuuchomeka ufunguo, mikono imekaa tayari kwenda kushoto kama ilivyozoea, simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kidonda kinasemaje?"

"Kinavuta kidogo tu. Mjukuu wako ndiye kiboko. Tangu alfajiri kazi yake ni moja, kulia. Ukimbeba, kulia. Ukimlaza, kulia. Baba, ndoo imebaki nusu. Maji yenu yanatoka leo?"

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia kweli kweli, kilio cha mwenye haki zake. Mzee Koki akatupia jicho karatasi aliyoibana kwa jiwe. ZUNGUSHA KULIA. Akaanza kucheka peke yake pale shimoni, muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akadhani jua limempanda kichwani. Miaka thelathini na moja alikuwa akisoma kulia na kuzungusha kushoto, kwa hisani yake. Leo yeye ni nani abishane na karatasi ya serikali?

"Jaza kila kitu, mwanangu," alisema. "Hata vikombe."

Koki ile ilikuwa ikifunguliwa nusu tu miaka yote, maana bondeni walipewa maji ya mgawo. Mzee akaizungusha kulia, akihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na minne. Bomba likanguruma chini ya miguu yake.

Alhamisi wageni walishuka garini. Bomba la bwawa likakohoa mara mbili, likatema tope kidogo, likanyamaza. Meya akapiga makofi hata hivyo. Kule bondeni, watu walifua mpaka mablanketi. Bwana mmoja alioga mara mbili kwa siku moja, mkewe akaanza kumshuku.

Lakini Mzee hakuwa na raha. Alikwenda kumwona binti, kidonda kikavu, mtoto ananukia sabuni, na bado kila alipolitazama lile shati jeupe ukutani alirudisha tonge sahanini. Kama wageni watakasirikia bwawa, basi yeye ndiye aliyemnyima mkwe wake kazi.

Wiki mbili baadaye kampuni ikatangaza: haihami. Mji inakokaa siku zote umeipa yote yaliyoahidiwa na miji mingine, na nyongeza juu. Kumbe bibi alikuwa na mumewe! Alikuwa akipita kwa wachumba ili mume ashtuke amnunulie nguo. Mkwe alilikunja shati, na Mzee akamwonea huruma mpaka machozi yakamlenga.

Siku mbili baadaye Mhandisi akamwita ofisini. Mchoro wa mabomba ulikuwa umetandazwa mezani.

"Meya anataka jina la aliyekosea," alisema. "Jana nimekwenda koki ya saba mwenyewe. Nimezungusha kulia. Maji yameongezeka."

Mzee Koki angeweza kuruka kimanga, lakini uongo ulimshinda. "Sikukosea, mama. Nilijua. Binti yangu alikuwa na kidonda kibichi, na mjukuu alikuwa wa siku tatu. Andika jina langu."

Mhandisi akauliza, "Amepona?"

"Amepona. Namshukuru Mungu."

"Basi mwenyeji amepona," alisema, na dirishani lile bango lilikuwa bado linapepea. Akaandika ripoti akisoma kwa sauti: fundi alizungusha kulia kama alivyoagizwa. Kisha akaishusha kalamu juu ya mchoro, pale penye koki ya saba, ikasimama. "Nikisahihisha hapa, mgeni mwingine akija, yeyote mwenye ufunguo atawafungia watu wa bondeni. Na wewe utakuwa umestaafu. Niandike nini, mzee wangu?"

Mzee aliutazama mchoro, neno moja dogo la wino mweusi.

"Iache kulia, mwanangu."

Mhandisi akafunika kalamu.

Jioni ile Mzee aliteremka bondeni, akavua viatu mlangoni, akampokea mtoto. Kupokewa tu, mtoto akaangua kilio. Binti akanyoosha mikono amchukue, anaomba radhi. Mzee akamzuia, akamkumbatia mjukuu wake kifuani.

"Mwache," alisema. "Lia, bibi yangu. Lia sana. Usipolia wewe, watasema tumezoea."