Mshale wa Mwalimu Wagdi

Mkono ndio uliomwangusha Wagdi. Miaka yote amefundisha shule ya serikali hapa Tanta, Misri, ambako hesabu huandikwa kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mishale yake hutazama kushoto. Leo alikuwa katika shule ya kulipia, ambako husomeshwa kwa Kiingereza na kila kitu huanzia kushoto, akitoa somo la majaribio mbele ya mkuu wa shule, Bi Inas. Akifaulu, kazi ni yake. Na binti yake Mayar, aliyehamia shuleni humo juzijuzi, alikuwa dawati la pili, akiomba baba asimtie aibu.

Akaandika x. Mbali kidogo, kulia kwake, akaandika ile nane iliyolala, alama ya kisicho na mwisho. Katikati akachora mshale, nao ukatazama kushoto.

"Mista," akasema Seif kutoka nyuma, "kwa hiyo x imetulia nyumbani, kisicho na mwisho ndicho kinakuja kuitembelea?"

"Kimepanda treni ya Kairo," mwingine akadakia. Darasa zima likaangua kicheko.

Wagdi akaufuta mshale kwa kiganja, akauchora upya. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mkono umezoea kwingine, wanangu. Tazameni. Nane hii iliyolala si namba, wala si mahali pa kufika. Mshale unasema x inakua tu, haisimami. Sasa gawanyeni moja kwa x: jibu linaisogelea sifuri, wala haliifikii."

Mimi sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, na anayebisha aje. Lakini wale walikuwa bado wanacheka.

Akamtazama Mayar, labda apate japo uso mmoja wa kwao. Jirani yake Mayar akamgusa kiwiko.

"Mbona anakukodolea macho? Unamjua?"

"Simjui," akasema Mayar. Kicheko kilikuwa kimekatika palepale, na neno lile likafika mpaka ubaoni.

"Umeeleza vizuri, ustadhi," akasema Bi Inas. "Nasikia una binti hapa kwetu. Ni yupi?"

Mayar aliona haya. Alitaka kusimama aseme ni mimi, badala yake akainamia daftari. Wagdi akawapitia wote kwa macho, dawati kwa dawati, na alipofika kwake hakukawia.

"Leo hakuja, mama," akasema, akaendelea na somo.