Tonge la Kiapo

Faihan alipofika kilo mia moja na sabini na mbili, watu wa mji wetu wa Jahra waliacha kumwita kwa jina la baba yake, wakamwita Tangi. Naye, mjinga mwenzetu, akalipenda jina. Barazani kwa shemeji yake Hizam, sinia likiletwa, wanaume walisogea kumpisha, kisha wakamtazama anavyokula kama watu wanaotazama mpira. Alikuwa akimaliza bega zima la kondoo halafu anaulizia mkia. Walimpigia makofi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini anaswali akiwa ameketi kitini, au kwa nini miguu yake imeiva weusi kuanzia magotini kwenda chini. Mwanamume akiwachekesha watu, haulizwi habari za miguu.

Daktari ndiye aliyeuliza. Akapima sukari, akapima moyo, akamwambia Faihan kwamba akifika miaka arubaini na mitano, yeye daktari atashangaa. Faihan alikuwa na thelathini na tisa. Akakubali kukatwa tumbo, lipunguzwe.

Kabla ya kupasuliwa alipewa wiki mbili za kunywa tu: supu iliyochujwa, maziwa ya unga yenye ladha ya chaki, maji. Ini lake lilikuwa limenenepa kwa mafuta, na lisiponywea, mpasuaji hana pa kupitisha mkono. Siku ya nne aliegesha gari mbele ya tanuri la mkate, akafungua kioo, akalia. Mkewe Hadba, aliyekuwa kando yake, alitazama upande mwingine, maana hakujua mke anatakiwa kusema nini hapo.

Mshauri wa lishe pale hospitalini alikuwa mama mmoja wa Kishami, Mwarabu wa kaskazini, asiyecheka. Alimwekea ndizi juu ya meza.

"Hili ndilo tumbo lako ukishapasuliwa," alimwambia. "Litakuwa limeshonwa kwa pini upande mzima. Wiki mbili maji tu. Wiki mbili nyingine vitu vilivyosagwa, vijiko vinne basi. Wali na nyama, sahau mpaka nikuambie mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Na nikionja kidogo tu?"

"Mshono ukifumuka, chakula kinamwagikia ndani ya mwili. Utaoza ukiwa hai, mwanangu. Onja ukitaka."

Faihan hakuogopa kisu. Aliogopa baraza. Tangi akatwe tumbo kama mabinti wanaotafuta wachumba? Wangemcheka mpaka afe. Kwa hiyo akatangaza kwamba anasafiri kwenda Uturuki, kutembea tu, kubadilisha hewa. Waliojua ukweli ni wawili: Hadba, na dada mdogo wa Faihan, Wasmiya, mke wa Hizam. Na kwa uwongo huo mdogo akajichimbia shimo mwenyewe, kwa sababu kwetu mtu akirudi safari huchinjiwa. Angesema anaumwa mafua, angeletewa asali na kuachwa alale.

Alipotoka hospitalini alikuwa akinywa maji kwa kikombe cha dawa, funda moja, anangoja, funda jingine. Mara ya kwanza aliposahau akagugumia glasi nzima, alianguka chini akidhani kapigwa risasi kifuani. Wasmiya alimchemshia mifupa kila asubuhi, akaichuja kwa kitambaa mara mbili, akampa dereva ampelekee supu hiyo. Wiki ya tatu ilipoisha, kilo kumi na tisa zilikuwa zimemtoka. Siku moja akainama akakata kucha za miguu yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sita, akamwita Hadba aje aone. Wakacheka wote wawili. Nasema hili ili mjue kwamba aliwahi kufurahi.

Hizam akapiga simu Jumatano.

"Tangi! Unarudi kutoka Uturuki kimya kimya, umeiba nini huko?"

"Nimerudi juzi, shemeji. Nina uchovu kidogo."

"Uchovu dawa yake kondoo. Ijumaa baada ya swala. Nimeshamfunga."

"Shemeji, wallahi usijisumbue..."

"Nani kakuomba ruhusa? Ijumaa."

Hizam alikuwa anajua. Binamu yake alikuwa akiandikisha wagonjwa katika hospitali ileile, na Jahra si mahali pa kuficha hata chunusi. Alijua siku ya kupasuliwa, alijua uzito, alijua na hadithi ya ndizi. Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kumcheka simuni yakaisha. Lakini Hizam ni mtu ambaye akiona kidonda, lazima akitie kidole.

Ijumaa walikaa wanaume kumi na watano. Mkubwa wao alikuwa Ami Nashmi, mzee wa miaka themanini, ambaye neno lake barazani hukata maneno yote. Sinia likaingia limebebwa na watu wawili, kondoo mzima juu ya mlima wa wali, malimau makavu yamepasuka pembeni, mafuta yanang'aa. Faihan akameza mate, na hata mate yalimuuma.

"Tangi, umepukutika!" mmoja akasema. "Waturuki walikunyima?"

"Maji ya kule hayakunipenda."

Wakacheka. Alikuwa amejipanga. Alikuwa amefanya mazoezi nyumbani mbele ya Hadba: unapeleka mkono, unasukuma wali huku na huku, unapeleka punje tatu mdomoni, unasifu. Kwa robo saa alifanikiwa. Kisha Hizam akachukua kisu, akakata kipande cha mkia wenye mafuta kiasi cha ngumi, akakipandisha juu ya nyama ya bega, akakusanya na wali, akalisukuma fungu lote mbele yake.

"Huli, shemeji."

"Ninakula."

"Unapapasa. Kama kuna sababu, sema. Sote ndugu hapa. Uliumwa?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu, nimepasuliwa tumbo, ndugu zangu, na kicheko kingedumu labda wiki moja. Faihan aliwatazama, akayaona macho yao yanavyongoja, akasema, "Daktari kanikataza chumvi tu."

"Chumvi!" Ami Nashmi akapiga goti lake. "Baba yako alikuwa akilamba jiwe la chumvi pamoja na mbuzi, akafa ana miaka tisini!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Hizam hakucheka. Akaweka kiganja chake juu ya sufuria ya mtindi, akasema polepole ili kila mtu asikie:

"Basi wallahi, Wasmiya ameachika kwangu, talaka ya tatu na ya mwisho, ukiinuka hapo kabla hujamaliza fungu hili."

Talaka mbili za kwanza zilikuwa za namna hiyohiyo. Ya kwanza aliapa kwamba mgeni fulani hataondoka kabla ya chakula cha jioni. Mgeni akaondoka, na Wasmiya, aliyekuwa jikoni akikaanga vitunguu vya mgeni huyo, akawa kaachika. Ya pili aliapa kwamba mkewe hatatoka nje ya geti kwenda harusi ya jirani. Akatoka hatua nne. Mara zote mbili alirudi nyumbani kwa Faihan, akalala kwenye stoo kati ya magunia ya mchele, Hadba akitembea nyumba nzima uso umemvimba. Na mara zote mbili, kabla eda haijaisha, Hizam akasema amemrejea, na Faihan ndiye aliyemtia dada yake garini akamrudisha. Wasmiya alilia njia nzima. "Vumilia," alimwambia. Hakuwa na neno jingine.

Sasa hakuna aliyemkaripia Hizam. Hilo linaniuma hata leo. Wanaume kumi na wanne, wenye ndevu na tasbihi, hakuna hata mmoja aliyesema, wewe Hizam, binti wa watu unamweka dau kwenye mkia wa kondoo? Ami Nashmi aliguna astaghfirullah, kisha akamgeukia Faihan.

"Neno limeshatoka, mwanangu. Kula. Usimvunjie dada yako nyumba."

"Kula, Tangi," wakasema wengine. "Fungu dogo hilo. Zamani ulikuwa unalila umesimama."

Faihan alilitazama fungu. Ningependa kuwaambia kwamba alimfikiria Wasmiya kwanza. Alifikiria watu watakavyosema: dada yake Tangi kaachika kwa sababu kaka yake kashindwa tonge. Alifikiria stoo na uso wa Hadba. Wasmiya alikuja mwishoni, tena alikuja kama mzigo. Akapiga bismillahi, akafinyanga wali.

"La kwanza!" akaita mmoja, na wengine wakadakia, maana hawakuona kitu ila mchezo wao wa zamani.

Tonge la kwanza lilikaa palepale lilipofika. La pili likakaa juu yake. Kufika la nne, mate mazito yakaanza kumjaa mdomoni, meupe kama povu la sabuni, akawa anayafuta kwa ncha ya kilemba. La tano likapanda, akalimeza tena. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamlowesha mgongo.

"Anadeka!" mmoja akasema. "Anataka tumwimbie."

La saba. Mafuta ya mkia yalikuwa yamepoa na kuganda kwenye kaakaa. Alikula huku machozi yanamtoka, na Hizam alimsogezea vipande kwa kidole, kwa adabu zote za mwenyeji, akimwambia, karibu, shemeji, karibu. Kwenye la tisa kitu kikaachia ndani, kimya kimya, chini ya ubavu wa kushoto, na maumivu yakampanda hadi begani. Akajua ni nini. Mama wa Kishami alikuwa amemweleza vizuri. Bado palikuwa na matonge mawili.

Akayala.

Akainuka akishika ukuta, akafika kwenye karo la kunawia, akatapika wali na damu kidogo. Barazani pakazuka mjadala. Ndiyo, mjadala! Mmoja akasema kiapo kilikuwa kula, na aliyetapika hakula. Mwingine akasema kiapo kilikuwa kutoinuka kabla ya kumaliza, naye kamaliza ndipo akainuka. Wa tatu akataka wampigie imamu. Faihan alikuwa amepiga magoti chini ya karo, paji la uso limegusa kigae, na huku nyuma wanabishana kuhusu koo lake.

"Kimepita koo, kimeliwa," Ami Nashmi akakata shauri. "Nyumba imesimama."

"Alhamdulillahi," akasema Hizam. "Leteni kahawa."

Jua lilipozama homa ilikuwa imefika arubaini. Hadba ndiye aliyempeleka hospitalini na ndiye aliyewaambia madaktari alichokula, akiona haya kama kwamba kala yeye. Walimpasua tena, safari hii tumbo zima kwa urefu, wakamwosha ndani, wakamwacha na mirija mitatu inayotoa usaha. Hata tone la maji halikuruhusiwa kupita mdomoni. Alilishwa kwa mshipa wa shingo. Daktari alimwambia Hadba kwamba akipona, atapona kwa miezi, na asitumaini tena kula kama watu.

Watu wa baraza walikuja kumtazama, wakasimama miguuni pa kitanda, wakamsifu. Walimwita mwanamume. Walisema dada mwenye kaka kama huyu hana haja ya baba. Faihan alikuwa hawezi kuinua kichwa, lakini maneno hayo aliyanywa, ndicho kitu pekee alichoruhusiwa kunywa.

Wasmiya alikuja siku ya kumi na mbili, alasiri. Alifunua nikabu, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi, ilionekana.

"Hizam kanipa robo saa," alisema.

"Nyumba yako imesimama," Faihan akamwambia. Siku kumi na mbili alikuwa akiitunza sentensi hiyo. Alitaka Wasmiya alie, ambusu kichwa, amwambie asante kaka.

Wasmiya aliutazama mrija mmoja mpaka ulipoingia ubavuni.

"Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko," alisema. "Nilikisikia kiapo chote. Unajua nilifanya nini, kaka? Nilinawa mikono, nikavaa abaya yangu. Nikasema, leo Mungu kanitoa. Sikuomba talaka, sikukimbia, hakuna wa kusema mimi ndiye niliyevunja. Talaka ya tatu. Hata wewe usingeweza kunirudisha."

"Wasmiya..."

"Niache niseme, dakika zangu chache. Nilihesabu matonge pamoja nao. La tatu, nikasema ataacha, ana tumbo la mtoto mchanga, mimi ndiye ninayemchujia supu. La sita, nikasema sasa ataacha. Nilikuombea ushindwe, kaka. Nilisimama pale na viatu miguuni nikikuombea ushindwe, mpaka la mwisho."

Faihan akafumba macho. "Nilikula kwa ajili yako," alisema.

"Ulikula watu wasiseme."

Midomo ya Faihan ilikuwa imekauka. Wasmiya akachovya pamba kwenye maji, akamlowesha midomo kwa uangalifu, tone lisije likaingia ndani, kama wauguzi walivyomwelekeza. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Hakuwa na hasira, na hilo Faihan aliliogopa kuliko chochote alichowahi kukiogopa barazani.

"Baada ya wewe kuondoka Hizam alinicheka," akasema Wasmiya. "Aliniona na abaya, akaelewa. Akasema sasa ameshajua ninachokitaka, kwa hiyo hataapa tena kwa talaka maisha yake yote. Na kweli hajaapa."

Simu yake ikalia mkobani. Hizam alikuwa ameegesha chini, na robo saa ilikuwa imekwisha. Akamvutia kaka yake shuka mpaka kifuani, akashusha nikabu, akateremka kwenda garini.