Disketi za Juu ya Mafiga

Mwenyekiti Bonaventura hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Kompyuta isipofanya kazi leo, kesho inarudi Arusha. Na wewe Elizabeti utarudi Endabash kupalilia maharage." Elizabeti, karani wa chama cha wakulima pale Karatu, aliyaheshimu sana maharage, lakini akiwa mbali nayo.

Bahati nzuri ilikuwa siku ya mnada, na Eliamini alishuka kutoka Ngorongoro na gari la hoteli lililofuata mboga. Kule juu ndiye aliyeitunza kompyuta ya hoteli. Elizabeti alimwita ofisini; akabonyeza, akasikiliza.

"Haijafa. Imesahau tu. Tuipakie mfumo wake upya. Disketi ziko wapi?"

Elizabeti akatabasamu. Ofisi ilivuja, kwa hiyo disketi alimpa mama yake, Rozalia, azitunze nyumbani, na jana alimwagiza azilete. Haukupita muda mama akaingia, akafungua kitambaa. Disketi zilikuwa nyeusi kwa masizi, na moja imejikunja.

"Aayo," alimwita mama yake kwa Kiiraqw, "uliziweka wapi?"

"Si ulisema nizitunze sana? Juu ya mafiga, darini, pamoja na mbegu ya mahindi."

Kila mkulima wa Endabash angefanya hivyo. Kitu cha thamani hukaa kwenye moshi, mdudu dumuzi asikiguse. Lakini Elizabeti aliona maharage tu.

"Umeniua, Aayo! Bora ningempa ng'ombe azitunze!"

Ulimi hauna mfupa. Rozalia alivuta shuka begani, akaenda kuketi kizingitini. Aibu ilimpata Elizabeti pale pale, ila hasira ilikuwa bado haijapoa.

"Shikamoo mama," alisema Eliamini, kana kwamba hakusikia lolote. Aliomba wembe, akapasua ukingo wa ganda lililojikunja, akachomoa utando mwembamba wa kahawia. "Lililoungua ni koti. Mwenye koti yu mzima." Akautia utando ule katika ganda la disketi yake mpya, zilizobaki akazifuta masizi kwa pamba.

Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Elizabeti alishika meza. Ikakoroma tena, na maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Ikadai disketi ya pili, ikapewa, na nyingine, hadi ikashiba. Bonaventura alichungulia, akaguna, akaenda zake mnadani.

Kabla ya kuondoka, Eliamini alitoa nakala za disketi zote. "Hizi zisikae ofisini."

Elizabeti alizichukua, akapiga magoti kizingitini.

"Aayo, mtoto hasemi na mzazi wake vile. Nisamehe."

"Imekubali?"

"Imekubali. Naomba unitunzie na hizi."

Rozalia aliificha mikono ndani ya shuka. "Mpe mwingine. Mimi nitaziunguza."

"Sina mwingine ninayemwamini."

Mama aliitoa mikono kwenye shuka, akazipokea kwa yote miwili.

"Basi niambie zinaogopa nini," alisema taratibu. "Siku ile hukuniambia."

Ilikuwa kweli. Elizabeti aliketi kando yake, akaanza kumweleza.