Mwendo wa Mama Victorine

Maumivu yalimkamata Victorine kwa mara ya kwanza akipanda kutoka mtoni, mtungi wa maji kichwani. Hakuanguka. Alisimama tu katikati ya njia, mkono kifuani, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa nyuma. Kitu kilimfunga kwa ndani, kikakaza, kikapanda mpaka kwenye taya, kikashuka mkono wa kushoto mpaka vidole vikafa ganzi. Akatua mtungi, akakaa juu ya jiwe, akahema mpaka kile kitu kikamwachia kidogo kidogo. Kisha akajitwika tena, akaenda kupika, wala hakumwambia mtu.

Alikuwa mjane wa Kibabi, katika milima ya Masisi, mwanamke aliyelima maharagwe na mihogo tangu utoto. Watoto wake wote alikuwa amewazika, isipokuwa Faustin. Kwa hiyo siku Faustin alipomkuta amelala kati ya mistari ya maharagwe, midomo imebadilika rangi, hakusikia la mtu. Alimkataza jembe. Alimkataza mto. Hata ufagio alimnyang'anya.

"Mama, kazi yako imeisha," alimwambia. "Ikala hapa kwa moto. Généreuse atafanya yote."

Généreuse alikuwa mke wake, msichana wa maneno machache, mwenye mtoto mgongoni. Alifanya yote kweli, naye Victorine akakaa karibu na moto msimu mzima wa mvua. Lakini kukaa hakukumsaidia. Jioni miguu ilimvimba. Pumzi ilizidi kuwa fupi, mpaka kwenda nyuma ya nyumba tu kukawa safari, akirudi ameshika ukuta. Hapo ndipo aliposema wampeleke misioni, kwa masere Athanasie, mtawa aliyetibu wagonjwa.

Masere alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Moyo yako imechoka, Mama. Siwezi kukudanganya, haitakuwa tena kama zamani. Lakini kuikala siku yote njo kunakumaliza mbio zaidi. Tembea. Tafuta njia ya sawasawa, isiyo na mulima. Kama kifua inaanza kukamata, simama, usingojee ikukaze. Ikipita, endelea. Ukikula, pumzika kwanza. Na baridi ya asubuhi, funika kifua."

Akampa vidonge vidogo kama punje za mtama, vya kuweka chini ya ulimi kama maumivu yakikataa kuondoka.

Victorine akaanza. Siku za kwanza alifika kwenye migomba, akasimama, akarudi. Halafu akapita migomba. Watoto wa jirani walimwita Mama Simama, na yeye akawaacha waseme. Maharagwe yalipotoa maua alikuwa anafika kanisani kwa miguu yake, na akirudi anachuma sombe, majani ya mihogo, njiani. Alikaa kwenye kiti kidogo akapalilia alipoweza kufikia, akasogeza kiti, akapalilia tena. Usiku alilala. Kifua kilikuwa bado kinakamata, lakini yeye na kifua chake walikuwa wamejuana.

Faustin hakufurahi.

"Batu bananiangalia, Mama. Banasema Faustin anatumikisha mama yake mugonjwa."

"Hao batu habahemake na kifua yangu."

Faustin alicheka bila kupenda, kisha akamwondolea kile kiti, akakiweka ndani. Alimpenda mama yake kwa hofu, na hofu haina masikio. Kesho yake Victorine alikitoa tena.

Mwaka wa sitini na tano mambo ya milimani yaliharibika. Nyumba ziliungua ng'ambo ya bonde. Nani aliyechoma, kila mtu alikuwa na jibu lake, na kila jibu liliongeza moto mwingine. Majirani walianza kuondoka. Asubuhi moja moshi ulionekana upande wa huku, na Faustin akasema nao watashuka Sake, kando ya ziwa.

Wanaume waliozoea kubeba wagonjwa kwenye machela walikuwa wamekwisha kukimbia na watu wao. Généreuse alimfunga mtoto mgongoni, akaweka sufuria na nguo kichwani. Victorine alijifunga kikwembe kifuani, vidonge vya masere vimefungwa pindoni, akashika fimbo.

"Tangulieni," akasema. "Nitatembea, nitasimama, nitatembea. Nitafika."

"Na hawa benye moto? Nabo batasimama bakungojee?"

Faustin akainama mbele yake.

"Panda, Mama."

Akapanda, mwanamke mzima, juu ya mgongo aliokuwa ameubeba yeye zamani. Alimshika shingo, na kwenye miinuko alisikia moyo wa mwanawe ukipiga chini ya kifua chake, wenye nguvu, wa sawasawa, kama mtu anayetwanga na hana haraka. Mahali pa tambarare aliomba ashushwe. Faustin alimshusha, akamwona akitembea na kusimama, akatazama moshi nyuma yao, akamwinamia tena.

Juu ya Sake, pale ambapo barabara inapinda na ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, askari walikuwa wamelaza mti njiani. Kando kulikuwa na kamio, lori la jeshi, na masanduku ya risasi yameshushwa chini. Daraja la njia ya Walikale lilikuwa limebomoka, nao walitafuta wanaume wa kubeba masanduku mpaka huko. Wanawake na wazee walipita. Vijana walikuwa wamekaa pembeni, chini ya bunduki.

Mkubwa wao alimtazama Faustin akipanda na mama yake mgongoni, hatua bila kuyumba, akacheka.

"Muangalie ule! Anabeba mama muzima kwenye mulima, hata haheme. Sanduku itamushinda?"

Faustin akamshusha Victorine polepole.

"Chef, mama yangu iko na ugonjwa wa moyo. Hawezi kutembea. Nikimuacha atakufa."

"Ni kweli, Mama? Huwezi kutembea?"

Victorine alielewa haraka. Miguu yake ambayo aliipigania kila asubuhi, sasa aliikana. Akajiachia chini kwenye matope, akalegea mwili mzima.

"Siwezi, Papa. Hata kusimama siwezi. Niachie mutoto wangu."

Yule mkubwa alisita. Aliangalia matope, akamwangalia yule mama, na hakika alikuwa karibu kuwaacha wapite. Lakini askari mwingine alimvuta Faustin kwa mkono, Faustin akauchomoa mkono wake, na kitako cha bunduki kikampiga kwenye mbavu. Akapiga magoti. Kitako kikapanda tena.

Victorine hakujua aliinukaje. Alikwenda mbio, akapita kati ya askari wawili, akamwangukia mwanawe akimfunika kichwa kwa mikono.

Kisha yule mkubwa akasema, wala si kwa hasira:

"Si muliona? Anatembea. Anakimbia hata."

Maumivu yalimjia hapohapo, makubwa kuliko yote aliyoyajua. Aliona ziwa likiwa jeupe, kisha hakuona kitu. Généreuse ndiye aliyemfungua pindo la kikwembe, akatoa kidonge, akakisukuma chini ya ulimi wake. Alipoweza kuinua kichwa, msururu wa wabeba masanduku ulikuwa umekwisha kupotea nyuma ya kona.

Sake walilala kwenye banda la parokia pamoja na wakimbizi wengine. Siku moja Généreuse, akimenya viazi, bila kuinua macho, akasema:

"Ungeikala tu, Mama. Ungebaki pale kwenye matope."

"Balikuwa banamupiga."

"Bangemupiga, na angebaki."

Victorine akachukua kiazi, akaanza kumenya naye.

Kila siku ya soko alipanda mpaka kwenye kona ile kuulizia. Ulikuwa mlima, si njia aliyoruhusiwa, na alisimama mara nyingi kuliko alivyotembea. Askari walimzoea, wakamjibu hawajui. Siku moja alikuta mti umeondolewa na hakuna mtu wa kumwuliza.

Habari ililetwa na mwindaji wa Walikale, Symphorien, ambaye naye alishikwa abebe masanduku, akatoroka. Aliwakuta bandani, akakataa chakula, akabaki amesimama.

"Faustin alishikwa na homa, kule mbele ya mto Lowa. Mbavu nazo zilikuwa zinamuuma. Asubuhi alishindwa kuamka, basoda bakapatia muntu mwingine sanduku yake."

"Na yeye?"

"Tulimuacha, Mama. Mimi vilevile. Nilimuwekea majani chini ya kichwa."

Généreuse alipiga kelele moja, akajifunika uso kwa nguo ya mtoto. Victorine aliuliza kama alikuwa bado anahema. Symphorien akasema ndiyo, alikuwa anahema.

Milima ilipotulia walirudi Kibabi. Nyumba ilikuwa kuta tupu. Masere alikuwa ameondoka, mlango wa misioni umepigiliwa mbao, na pindoni mwa kikwembe vidonge vilikuwa vimekwisha. Ndugu waliweka matanga bila maiti. Watu waliimba, wakala, wakaenda.

Asubuhi iliyofuata Généreuse alichukua jembe kabla umande haujakauka. Alipogeuka alimwona mama mkwe wake anakuja nyuma, na mbegu za maharagwe kwenye kikapu.

"Batu batasema hatukulia," akasema Généreuse.

"Mvua haitatungojea tulie."

Généreuse akachimba, Victorine akafuata akitia mbegu na kufukia kwa mguu. Kwenye mstari wa pili kifua kilikaza. Akasimama, akashika magoti, akangoja. Kilichelewa sana kumwachia. Généreuse naye alisimama mbele yake, amempa mgongo, jembe mkononi, hakugeuka na hakuchimba, mpaka aliposikia mbegu zinaanguka tena.