Shimo la Udongo la Kwa Chilumba

Winfrida alikuwa amefika na nyengo yake chini ya mkorosho mkubwa. Alifyeka nayo majani, akachokonoa mchanga kwa kisigino, akitafuta dalili ya jiko. Hakuona hata kigae.

"Mke wangu, hapo unatafuta jiko la mama mkwe wako," alisema Safari, aliyeketi juu ya gogo akinoa panga taratibu. "Ukiliona, utupikie."

Safari alikuwa mtoto wa mjomba wake, na mabinamu wa huko Newala huitana mke na mume tangu utotoni bila mtu kukasirika. Winfrida akamjibu kwamba mume wa kushinda kitako hana jiko la kudai. Lakini moyoni hakuwa anacheka.

Walihama hapa Kwa Chilumba wakiwa wadogo, watu walipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa. Nyumba zilibomoka, mikorosho ikamezwa na vichaka. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuja na magari yao, korosho zimepata thamani tena, na watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja kwenye mahame. Winfrida alikuwa mjane, akilala chumba cha kuazima. Alitaka kujenga pale pale iliposimama nyumba ya marehemu mama yake, Oliva, kabla mvua hazijaanza. Mjomba Nikolao, mdogo wa baba yake Safari na sasa mkubwa wa ukoo, alikwisha kusema: hakuna nguzo itakayosimama mpaka mabinamu wakubaliane nyumba ya nani ilikuwa wapi.

Tabu ni kwamba Safari hakukubali wala hakukataa. Alitania, na anayekutania huwezi kumshtaki kwa mzee.

Nikolao alipofika na kibuyu cha maji, walimwamkia, kisha kila mmoja akamwonyesha mkorosho ule ule kuwa ndipo palipokuwa kwao. Mzee akanywa kwanza. Akasema miaka hiyo yeye alikuwa Lindi akikata mkonge, wasimtie majaribuni.

Safari akaanza kusifu uwanja wa mama yake: mbuzi akianza kuuvuka akiwa na mimba, alifika ng'ambo na watoto wawili. Winfrida akamwambia kuwa miguu yake ndiyo iliyokuwa mifupi, na mpaka leo haijaongezeka sana. Mzee akakohoa ili asicheke.

Ndipo Winfrida akaona kwamba mti hautawasaidia, maana enzi zile mkorosho huu ulikuwa mche. Kilichobaki ni shimo. Kila nyumba ilikandikwa kwa udongo uliochimbwa hapo hapo, kwani nani angebeba udongo kutoka mbali, wakati maji yenyewe yalibebwa kichwani kutoka bondeni? Akawaambia watafute shimo.

Safari ndiye aliyelipata, kwa kutumbukia. Majani makavu yakamfika kiunoni.

"Mume wangu amekwenda kuoga," alisema Winfrida.

Safari alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akabaki amesimama mle mle, akiangalia ukingo mmoja, halafu wa pili. Akasimulia kwamba aliwahi kunasa tope humu wakati wa masika, alipokuja kuoga kwa siri maji ya kunyweshea mbuzi. Mama yake hakusikia kilio, alikuwa anatwanga nyumbani kwake, upande wa machweo. Aliyemvuta ni shangazi Oliva. Alitoka jikoni mwake na mwiko mkononi, akamtoa kwanza, akamchapa baadaye.

"Alitokea upande huu wa mkorosho," alisema. "Dada Winfrida, nyumba ya shangazi ilikuwa hapo ulipo. Baba mdogo, umesikia. Hapa sitanii."

Nikolao akaitika kwamba amesikia, akamkabidhi jembe.

Winfrida alipima kwa hatua zake, akapiga mstari mchangani, na Safari akaanza kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, akilalamika kwamba wanawake wengine huolewa wakiwa na nyumba tayari. Mchanga ulikuwa mkavu, ukirudi ndani kila alipoutoa. Shimo lilipofika magotini, giza lilikuwa linaingia na njia ya kijijini ilikuwa ndefu. Mzee akasema basi, waliache hivyo hivyo. Nguzo zenyewe zilikuwa bado hazijakatwa.